Kusafisha majitaka ya kiwanda cha soda ili yatumike tena

Mombasa maji ya mfereji hukatika, na visima vingi vina chumvi. Kumwaga majitaka yanayoweza kusafishwa ni hasara kubwa.

Weka wavu wa milimita 1 hadi 3 unase vizibo, lebo na nyuzi za matunda. Kisha yakusanye kwenye tangi la kusawazisha lenye nafasi ya saa 12 hadi 24, maana kostiki (soda kali) ya kuoshea chupa hupandisha pH hadi 12 ghafla na kuua bakteria wanaosafisha maji. Ishushe iwe kati ya 6.5 na 8.

Kazi yenyewe iko kwenye tangi la hewa, ambamo bakteria hula uchafu. Oksijeni isipungue miligramu 2 kwa lita. Majitaka haya yana sukari tele, nitrojeni haba: kwa kila kilo 100 za BOD (kipimo cha uchafu kwa oksijeni ambayo bakteria hutumia kuuozesha), bakteria huhitaji nitrojeni kilo 5 na fosforasi kilo 1. Tia urea, lakini pima fosforasi kwanza. Kola huja nayo. Nitrojeni ikikosekana, bakteria wa nyuzinyuzi hutawala na tope halitui. Jaza chombo cha lita 1 kwa maji ya tangi hilo, ngoja dakika 30. Tope likibaki juu ya nusu, usiyapeleke maji hayo mbele.

Baada ya tope kutua, yapitishe maji kwenye chujio la mchanga, kisha klorini: ibaki miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30.

Yatumie vyooni, kuoshea malori na uani, kamwe si ndani ya chupa. Mabomba yake yapakwe rangi tofauti, yasiunganishwe na ya maji safi hata kwa valvu iliyofungwa. Valvu huvuja.