Kutazama meli za mizigo bandarini: jinsi ya kujua ipi inaondoka kabla haijaondoka

Ukitaka kufaidi kutazama meli za mizigo usianze na meli yenyewe. Meli inaweza kukaa gatini kutwa nzima haijatikisika, alafu we ukizubaa kidogo tu unageuka unaona kisogo chake kinaishia kwenye maboya. Dalili zote ziko kwenye vitu vidogo vidogo vinavyoizunguka: boti ya rubani (mtaalamu wa bandari anayepanda melini kuiongoza kuingia au kutoka), tagi (boti ndogo zenye nguvu za kuvuta na kusukuma meli), kamba, mikono ya kreni, bendera. Ukishazizoea hizo unajua nani anatoka na nani anaingia mapema kabisa, na hiyo ndo raha yenyewe ya hii kitu.

Kwanza sehemu ya kukaa. Tafuta pale njia ya meli inapobana, yaani kwenye mlango wa bandari au kwenye kona, maana kila meli lazima ipite hapo na inapita taratibu. Usihangaike na mageti ya bandari, tangu Julai 2004 kanuni za kimataifa za usalama (ISPS) zilipoanza kufanya kazi mtu asiye na shughuli haingii hovyo, na kuna nchi kupiga picha bandari ni kosa kwahiyo ulizia kwanza kabla hujatoa kamera. Jua liwe mgongoni kwako. Darubini ya 7x50 au 8x42 (yaani inakuza mara 7 au 8) inatosha kabisa, ile ya mara 10 na kuendelea upepo ukivuma mikono inatetemeka unaishia kuona rangi tu. Na kama unapenda kukaa chini kwenye mawe, panda juu kidogo: meli kubwa ikipita karibu maji kwanza yananyonywa yanarudi nyuma, ufukwe unabaki wazi, alafu yanakuja kwa hasira, na mawimbi mengine yanafika meli ishapita zamani we ushasahau.

Simu inasaidia ila usiiamini sana. Meli zote za kuanzia tani 300 (zile gross, kipimo cha ukubwa wa ndani sio uzito) zinazosafiri kimataifa zinatakiwa ziwe na AIS, kifaa kinachorusha jina, mahali, mwendo na uelekeo kwa redio, na programu kama MarineTraffic au VesselFinder zinakuonyesha kwenye ramani. Mahali na mwendo huwa ni vya kweli maana vinatoka kwenye GPS, lakini bandari inakoenda, muda wa kufika, na hata ile "imetia nanga" vinaandikwa kwa mkono na baharia, na baharia naye ni mtu, anasahau. Ndo maana unakuta meli inakata maji noti 12 (kama kilomita 22 kwa saa) na bado imeandikwa iko nangani. Ukiona SGSIN>NLRTM usishtuke, ni Singapore kwenda Rotterdam, herufi mbili za nchi na tatu za bandari.

Sasa dalili za kuondoka. Kwenye gati la makontena angalia kreni: zikiwa kazini mkono wake umelala juu ya meli, mzigo ukiisha zinanyanyua mkono mmoja baada ya mwingine, na ukiona mikono yote imesimama juu ya meli ile, jiandae. Kinachofuata ngazi ya kupandia inavutwa juu, pengine moshi mzito unatoka mara moja kwenye bomba injini ikijaribiwa, rubani anapanda, tagi zinakuja kujibandika ubavuni pale palipoandikwa TUG na mshale chini yake (hayo maandishi hayako hapo kwa urembo, ni sehemu ambazo bati limeimarishwa ndani, ukisukuma kwingine unabonyeza meli ya watu). Alafu kamba zinapunguzwa, zinabaki chache mbele na nyuma, hapo sasa usiondoe macho, ni dakika chache tu vijana wa gatini wanaachia ya mwisho. Juu kwenye mlingoti tafuta bendera nusu nyeupe nusu nyekundu, maana yake rubani yuko ndani. Nyekundu tupu ni mzigo wa hatari, na ile ya njano tupu inapandishwa na meli inayofika inayosubiri kibali cha afya.

Zinazoingia, fuata boti ya rubani. Hiyo boti ikichomoka kwa kasi kuelekea baharini kuna mtu anakuja hata kama upeo bado mweupe. Kama uko juu na darubini nzuri utaona kitu ambacho mi naona ndo kizuri kuliko vyote: meli inageuka kidogo ikinge upepo na mawimbi, upande mmoja maji yanatulia, boti inajibana pale, na mtu anashika ngazi ya kamba anaanza kupanda ukuta wa chuma huku vyote viwili vinakwenda. Kutoka majini hadi kwenye mlango wa kuingilia ikizidi mita 9 sheria inataka ngazi ya kamba iunganishwe na ile ngazi ya ubavuni, kwahiyo kwenye meli tupu zilizo juu utaona ngazi mbili.

Zile zilizotia nanga nje watu wanaziona zinaboa lakini nazo zinasema. Zote zinaelekeza omo (pua) upande mmoja, mkondo au upepo unakotoka, na mkondo ukigeuka utaona zinazunguka pole pole. Mbele huwa na tufe jeusi limening'inia. Ukiona maji yanamwagika kwa nguvu kutoka kwenye tundu la nanga, wanaosha mnyororo tope, nanga inapanda hiyo, na tufe litashushwa sasa hivi. Bandari ambazo kina chake hakitoshi, meli nzito zinasubiri maji yajae, kwahiyo angalia ratiba ya kujaa na kupwa, hasa siku za bamvua (maji yanapojaa sana), msururu wa meli unaupata hapo.

Kujua imebeba au tupu: angalia rangi ya chini. Meli nyingi sehemu ya chini ni nyekundu au kahawia, ikionekana sana ujue iko nyepesi, na meli za mzigo wa kichele (makaa, nafaka, madini) zikiwa tupu zinanyanyuka mpaka unaona usukani na ncha za rafadha (yale mapanga yanayosukuma meli) zikichapa maji. Kwa nyuma na mbele kuna namba za kina (meli imezama kiasi gani), kila namba ina urefu wa sentimita 10 na unasoma chini ya namba sio juu. Katikati ubavuni kuna duara lenye mstari na herufi pembeni, linaonyesha mwisho wa meli kuzama ikiwa na mzigo, hilo lilianza kuwa sheria Uingereza 1876 baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupiga kelele sana bungeni kuhusu meli zinazojazwa kupita kiasi. Meli ikiwa gatini inapakia na maji mengi yanamwagika ubavuni, haivuji, inatoa farumi (maji iliyobeba kuipa uzito ilipokuwa tupu) ili ipishe mzigo. Kale kamfereji kadogo kasikokoma ni maji ya kupozea tu. Ya mafuta inajulikana kwa mabomba yaliyolala sitahani (sakafu ya juu ya meli), ya magari ni boksi lililofungwa pande zote na nyuma ina mlango mkubwa, haihitaji maelezo zaidi.

Sikiliza pia. Honi moja fupi nageuka kulia, mbili nageuka kushoto, tatu injini inarudisha nyuma, tano au zaidi ni "we unafanya nini?" na mara nyingi anayeulizwa ni boti ndogo iliyokatiza mbele. Usiku taa nyekundu ni ubavu wake wa kushoto, kijani wa kulia, na zile nyeupe mbili za juu ya mlingoti, ya mbele iko chini na ya nyuma iko juu, zikipangana wima moja juu ya nyingine ujue inakuja moja kwa moja ulipo. Boti ya rubani ikiwa kazini ina nyeupe juu nyekundu chini.

Ukianza kuweka kumbukumbu andika namba ya IMO (namba ya utambulisho wa meli ya kimataifa), usiandike jina peke yake, jina mara nyingi linabadilika meli inapouzwa, na ule mji ulioandikwa kwenye tezi, yaani nyuma ya meli (Panama, Monrovia, Majuro, Valletta) ni wa usajili tu, kuna mabaharia hawajawahi kuukanyaga. Namba ya IMO haibadiliki tangu inajengwa mpaka inakatwa chuma chakavu. Ina tarakimu saba na unaweza kuihakiki hapo hapo ulipokaa: zidisha sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2, jumlisha, tarakimu ya mwisho ya jibu lazima ifanane na ya saba. Chukua Ever Given, ile ya mita 400 iliyoziba Mfereji wa Suez Machi 2021, namba yake 9811000: 63 na 48 na 5 na 4 na sufuri mbili, jumla 120, inaishia na 0, sawa. Isipofanana umesoma vibaya, nane na tatu kwa mbali zinachanganya sana.

Na jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kagua vizuri pale jina lilipo. Herufi nyingi huwa zimechomelewa kwenye bati, mwenye meli mpya akipaka rangi juu yake makovu ya jina la zamani yanabaki yanaonekana kwa kivuli. Yaandike, alafu itafute ile namba ya IMO mtandaoni uone majina yake ya nyuma kama na hilo limo.