Ukitaka kujua huyo ni komba, kima au sokwe anza na pua

Watu wengi wakiona mnyama ana mikono kama ya mtu wanasema nyani basi imeisha, na mi hilo linaniuma kwa sababu nyani ni mmoja tu kwenye ukoo mkubwa wa praimeti, yaani kundi la kina komba, kima, sokwe na hata sisi watu. Ukitaka kuwatofautisha usikimbilie mkia, angalia pua kwanza.

Pua ikiwa na unyevunyevu kama ya mbwa, hapo uko kwa kina komba, lorisi na lemuri. Hakikisha mguuni, kidole cha pili kina ukucha mrefu uliochongoka wa kujikunia na kuchana manyoya. Lemuri asili yao Madagaska.

Pua kavu lakini macho makubwa balaa, kila jicho karibu sawa na ubongo wake? Huyo tasia, wa visiwa vya kusini mashariki mwa Asia. Hali majani wala matunda, ni wadudu na vinyama vidogo tu.

Pua kavu na macho ya kawaida, sasa angalia matundu. Yakiwa mbalimbali yametazama pembeni huyo ni kima wa Amerika, na baadhi yao kama kima-buibui mkia unashika tawi kabisa, ncha yake kwa ndani ni ngozi tupu yenye mistari kama ya vidole vyetu, mi hicho kitu kinanishangazaga sana! Yakiwa yamekaribiana yametazama chini ni wa Afrika na Asia, yaani nyani, tumbili, mbega na wenzao. Hawa mkia haushiki tawi, na makalioni wana ngozi ngumu ya kukalia, ndo lile kundu ambalo kwenye methali nyani halioni.

Sasa hapa wengi wanakosea. Kuna kima wa Moroko na Algeria mkia wake ni kama haupo, ukimwangalia haraka unasema sokwe, maana sokwe hana mkia. Kwa hiyo cheki bega. Sokwe na jamaa zake bonobo, gorila, orangutani na giboni wana kifua kipana na mkono unaozunguka pande zote, wanaweza kuning'inia chini ya tawi, kima yeye anatembea juu ya tawi kwa miguu minne. Ukipata fuvu ni rahisi zaidi, gego la chini la kima lina vilima vinne viwili viwili, la sokwe na jamaa zake vitano. Pitisha ulimi kwenye gego lako la kwanza la chini, kwa watu wengi ni vitano pia.