Kupima hatari ya kiharusi kwa mtoto mwenye selimundu: Dopla ya kichwa, hatua kwa hatua

Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule. Pasipo kinga yoyote, karibu watoto 11 kati ya 100 wenye aina ya SS (waliorithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili) hupatwa nacho kabla ya kufika miaka 20, na miaka ya mwanzo, kati ya 2 na 5, ndiyo ya hatari zaidi. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunawaona wengi.

Hatari hiyo huonekana mapema kwa Dopla ya kichwa, yaani altrasaundi inayosoma kasi ya damu, bila sindano wala mionzi. Tena vifaa mara nyingi tayari vipo: hospitali yenye prob (kile kifaa cha mkononi cha altrasaundi) ya kupimia moyo inaweza kuifanya kazi hii. Kinachopungua ni watu waliofundishwa. Ndiyo sababu nawaandikia wenzangu wa altrasaundi, madaktari wa watoto na wauguzi wa kliniki za selimundu. Wazazi nao wasome, wajue cha kuulizia.

Tunapima nini

Chembe nyekundu zenye umbo la mundu huumiza ukuta wa ndani wa ateri kubwa za ubongo, hasa pale ateri ya karotidi ya ndani inapoishia na ateri ya kati ya ubongo inapoanzia. Ukuta hunenepa, njia husinyaa, na damu hulazimika kupita kwa kasi zaidi, kama maji ya mpira wa bustani uliobanwa mdomo. Dopla husoma kasi hiyo.

Rune Aaslid alionyesha mwaka 1982 kwamba mawimbi ya 2 MHz yanapenya mfupa wa panja na kuzifikia ateri za ubongo. Robert Adams na wenzake huko Augusta, Georgia, Marekani, wakakifanya kuwa kipimo cha watoto wa selimundu. Katika utafiti wao wa STOP, uliochapishwa mwaka 1998, watoto 130 wenye kasi kubwa waligawanywa makundi mawili: wengine waliongezewa damu mara kwa mara, wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Kiharusi kilimpata mtoto mmoja katika kundi la damu, na 11 katika kundi la pili. Utafiti ulisitishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuwaacha wale wengine bila kinga.

Viwango tunavyotumia hadi leo vimetoka humo. Kwa hiyo ni lazima upime kama wao walivyopima, la sivyo namba zako hazilinganishiki na zao.

Hatua ya 1: Mtoto yupi, siku ipi

Wapime watoto wenye SS au S-beta sifuri (jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja na ya beta-thalasemia kwa mwingine), kuanzia miaka 2 hadi 16, mara moja kwa mwaka. Usimpime mwenye homa, mwenye maumivu makali au aliyeishiwa damu ghafla, maana hali hizo hupandisha kasi. Aliyeongezewa damu karibuni naye asubiri wiki kadhaa, kwa sababu damu mpya huishusha kasi na kukupa jibu zuri lisilo la kweli. Uliza mwenyewe, usitegemee kadi peke yake.

Hatua ya 2: Awe macho na ametulia

Mlaze chali. Mdogo anaweza kulala kifuani kwa mama yake. Asisinzie: usingizini hewa ya kaboni huongezeka kwenye damu, mishipa ya ubongo hutanuka na kasi hubadilika. Akilia sana, anapumua haraka na kasi inashuka. Dawa ya usingizi usimpe kabisa.

Mama wengi huuliza, "Daktari, hiyo haitamuumiza?" Mwambie, "Hapana mama, ni mafuta ya baridi tu hapa kwenye panja, na atasikia sauti ya damu yake." Kisha mpe mtoto prob aishike kwanza. Katuni kwenye simu zinasaidia. Pipi hapana, taya likitembea ishara inapotea.

Hatua ya 3: Pima upana wa kichwa

Tumia kaliper, kutoka panja hadi panja. Nusu ya upana huo ndiyo katikati ya kichwa. Mtoto mwenye upana wa sentimita 12 ana katikati kwenye milimita 60. Ishara unayoipata kwa kina kinachozidi hapo huenda imetoka upande wa pili. Hatua hii watu huiruka. Naomba usiiruke, kwa sababu ndiyo itakayokuambia uko kwenye ateri ipi.

Hatua ya 4: Andaa mashine

Kwa Dopla isiyo na picha, tumia 2 MHz na uweke dirisha la sampuli (urefu wa sehemu inayosikilizwa) kwenye milimita 6. Pandisha kipimo cha kasi kwenye skrini kifike angalau sentimita 250 kwa sekunde, ili ncha ya wimbi isikatwe ikatokea upande wa chini.

Kwa mashine yenye picha, chukua prob ya moyo na uchague mpangilio wa ubongo. Usisahihishe pembe. Najua kwenye shingo na miguu tunafundishwa kusahihisha pembe, lakini STOP haikufanya hivyo. Fahamu pia kwamba kasi inayosomwa kwa mashine ya picha huelekea kuwa chini kidogo ya ile ya Dopla pekee. Andika kwenye ripoti ni mashine ya aina gani uliyotumia.

Hatua ya 5: Itafute kasi ya juu kabisa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo mtoto anapookolewa au kupotezwa.

Weka jeli ya kutosha, kisha prob kwenye panja, juu kidogo ya mfupa wa shavu na mbele ya sikio. Anza na kina cha milimita 50 hivi. Sogeza prob taratibu, iinamishe mbele, nyuma, juu, chini, kwa nyuzi chache tu, hadi upate damu inayokuja kwako, juu ya mstari wa sifuri. Hiyo ni ateri ya kati ya ubongo.

Sasa usifurahi mapema. Ishara ya kwanza kusikika ni nadra kuwa ndiyo kali kuliko zote. Mshipa uliobana unaweza kuwa umebana kwa urefu wa milimita chache tu. Ukipima kabla au baada ya hapo utapata 150 ukaandika "kawaida", wakati katikati yake pana 210. Kwa hiyo fuata ateri yote, ukitembea milimita 2 kwa 2. Kwa watoto wengi utaipata kati ya milimita 35 na 55. Kila kina unachosimama, iinamishe tena prob kidogo kidogo hadi uhakikishe kasi haipandi tena, ndipo urekodi.

Tumia masikio. Kasi ikipanda, sauti inakuwa nyembamba zaidi, na sikio lililozoea husikia mabadiliko kabla macho hayajayaona kwenye skrini. Ukisikia mvumo mzito wa kukoroma chini ya sauti ya kawaida, simama hapo: damu inavurugika, na sababu lazima ipo.

Mtoto mmoja akichukua nusu saa au zaidi, huo ni muda wake halali. Mkuu wa idara akilalamika kuhusu foleni, mweleze kwa upole kwamba kipimo cha haraka ni kibaya kuliko kutopima, maana kinampa mzazi amani isiyo na msingi.

Hatua ya 6: Njia panda, karotidi, kisha upande wa pili

Ukifika karibu milimita 50 hadi 55 utaona mikondo miwili kwa pamoja, mmoja ukija na mwingine ukienda. Hapo karotidi inagawanyika: inayokuja ni ateri ya kati, inayokwenda ni ya mbele. Kwa kina hichohicho, elekeza prob chini kidogo uipate ncha ya karotidi ya ndani. Hii usiiache, kwani uamuzi wa STOP ulitegemea ateri mbili: ya kati na ncha ya karotidi.

Hamia panja la pili, urudie yote. Upande mmoja kuwa salama hauuthibitishi mwingine.

Hatua ya 7: Soma namba iliyo sahihi

Namba tunayoitaka ni wastani wa kasi za juu kwa mapigo kadhaa ya moyo, yaani mstari unaofuata ukingo wa nje wa wimbi. Kwenye mashine nyingi za picha huandikwa TAMAX. Usichukue kilele cha pigo, kwa kuwa hicho ni kikubwa zaidi na kitakufanya uwatangaze wagonjwa watoto walio salama. Usichukue TAMEAN pia (wastani wa kasi zote za ndani ya wimbi), kwani ni ndogo na itawaficha walio hatarini. Kama mstari wa mashine hauufuati ukingo vizuri, uchore kwa mkono.

Hatua ya 8: Tafsiri

Namba zote ni sentimita kwa sekunde. Chini ya 170: kawaida. Rudia baada ya mwaka. Usishangae kuona 130. Upungufu wa damu pekee huongeza kasi, ilhali mtoto asiye na selimundu huwa karibu na 90.

Kuanzia 170 hadi 199: mpakani. Rudia ndani ya miezi 3 hadi 6, mapema zaidi kwa mtoto mdogo.

Kuanzia 200: si salama. Bila kinga, hatari ya kiharusi ni karibu asilimia 10 kila mwaka. Rudia ndani ya wiki mbili kuthibitisha. Ikifika 220, usisubiri kipimo cha pili kuanza tiba.

Kasi ndogo mno, chini ya 70 kwenye ateri ya kati, au kukosa ishara upande mmoja wakati mwingine inasikika vizuri, nayo ni hatari. Huenda mshipa umekaribia kuziba. Usiandike "kawaida", mpeleke akapigwe picha ya MRI inapopatikana.

Hatua ya 9: Ripoti ifike kwenye dawa

Andika kasi ya juu ya kila ateri, upande, kina, na hali ya mtoto siku hiyo. Mpe mzazi nakala, umweleze kwa Kiswahili.

Tiba iliyothibitishwa kwanza ni kuongezewa damu kila mwezi, na STOP II, utafiti uliofuata, wa mwaka 2005, ulionyesha kuwa ukiiacha kasi hurudi juu. Kwetu damu salama kila mwezi ni shida kubwa. Pasipokuwa na damu ya kutosha, mwongozo wa mwaka 2020 wa Chama cha Marekani cha Magonjwa ya Damu unashauri haidroksiyurea, dawa ya kumeza, angalau miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba watoto wa Afrika wanaimudu dawa hii, na pale hospitali ya Bugando, Mwanza, utafiti wa SPHERE umeiunganisha moja kwa moja na Dopla ya kichwa.

Mtoto aliyefika 200 asiondoke bila tarehe ya kurudi iliyoandikwa na namba ya simu ya mzazi kwenye daftari la kliniki. Asipotokea siku hiyo, muuguzi apige simu siku hiyohiyo.