Somo: Robo saa kabla ya kufungua mlango, au jinsi sisi wahudumu wa maktaba tulivyojifunza kompyuta

Ndugu wakutubi, hamjambo. Wengi mmeniuliza tulianzaje hapa Arua, Uganda, basi leo naeleza hatua kwa hatua, na maswali mliyotuma nimeyajibu mwishoni.

Maktaba yetu hufunguliwa saa tatu asubuhi. Sisi wanne hufika saa tatu kasorobo, na mlango hubaki umefungwa. Robo saa hiyo ndiyo darasa letu.

Wazo lilitoka kwa mama mmoja tunayefanya naye kazi, ambaye amekaa dawatini zaidi ya miaka ishirini. Ukimwomba kitabu cha ufugaji wa nyuki, huenda moja kwa moja hadi rafuni bila kutazama orodha. Lakini kompyuta ilipoletwa, kila mara alipata sababu ya kwenda kupanga magazeti. Nilidhani haitaki. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, watoto wa shule wanasimama pale wanakitazama kidole changu." Nikaelewa. Alikuwa anahitaji mahali pa kukosea bila macho ya watu.

Jambo hili si geni. Mwaka 2006 huko Charlotte, North Carolina, Marekani, mkutubi Helene Blowers aliwapangia wafanyakazi wa maktaba ya umma mambo 23 ya kujaribu mtandaoni, kila mtu kwa mwendo wake, kwa wiki 9. Aliyemaliza alipewa kichezeshi cha MP3. Maktaba nyingi duniani ziliuiga mpango huo. Sisi hatuna zawadi, lakini kanuni ya kujifunza kwa kugusa mwenyewe tumeichukua.

Hatua ya 1: Mlango ufungwe, anayejua asishike kipanya

Jambo moja kwa asubuhi moja, basi. Anayejua aeleze kwa mdomo, mikono aiweke nyuma. Ukimnyang'anya mwenzako kipanya umemfundisha kwamba wewe unajua, na yeye hakujifunza kitu. Tuna daftari moja la mistari: kila mtu huandika alichofanya leo na alipokwama.

Hatua ya 2: Barua pepe iwe ya maktaba

Katika maktaba niliyofanyia kazi zamani, barua pepe ilikuwa ya mwenzetu mmoja. Alipohamia wilaya nyingine, laini yake ikapotea, na barua zote za wafadhili zikabaki ndani, hakuna aliyeweza kuzifungua. Fungueni anwani kwa jina la maktaba. Namba ya uthibitisho iwe ya laini ya maktaba. Nywila iwe maneno manne yasiyohusiana, iandikwe kwenye karatasi, ifungwe katika bahasha, ikae kwenye droo yenye kufuli kwa mkuu.

Hatua ya 3: Orodha ya vitabu kwenye jedwali

Hapa tulikaa wiki nyingi kuliko kwingine kote, nanyi msipakimbie. Kila mtu alichukua vitabu kumi rafuni akaviingiza Excel: namba ya usajili, jina la kitabu, mwandishi, mwaka, ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu, huwa nyuma ya jalada), rafu.

Mama yetu akaanza na kitabu kilichochapishwa Kampala. Vitabu vya kwetu unavijua kwa tarakimu zinazofuata 978: ukiona 9970 ni Uganda, na baadhi ya vipya ni 9913. Akaandika tarakimu zote 13 kwa kidole kimoja, polepole, akabonyeza Enter. Seli ikaonyesha 9.78997E+12. Akavua miwani, akatazama kitabu, akatazama skrini. "Hivi ndivyo nilivyoandika mimi?"

Hakukosea. Excel huidhani ISBN ni namba ya kujumlisha, na namba ndefu kama hiyo huifupisha. Dawa yake: kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima ya ISBN na uigeuze aina yake iwe maandishi. Fanyeni vivyo hivyo kwa namba za simu, la sivyo sifuri ya mwanzo ya 077 itamezwa, na kwa ISBN za zamani za tarakimu 10 zinazoanza na sifuri.

Kama mmeshaandika na imeshafupishwa, msihuzunike, tarakimu bado zimo ndani. Badilisheni muundo wa seli uwe namba isiyo na desimali na zitaonekana. Hatari iko ukihifadhi faili kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, likiwa bado limefupishwa. Hapo kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana, na tarakimu za nyuma hazirudi tena. Utafungua vitabu upya kimoja kimoja.

Jambo la pili ni majina. Tulipopanga orodha kwa alfabeti tulimkuta mwandishi mmoja ameandikwa kwa namna tatu. Tukakubaliana: ukoo kwanza, mkato, kisha jina. Kanuni hiyo tumeibandika ukutani juu ya kompyuta.

Hatua ya 4: Kutafuta na kuhakiki

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza na S.1 (kidato cha kwanza) mwaka 2020, wanafunzi walianza kutujia na kazi za utafiti, na mhudumu lazima aweze kutafuta kuwazidi. Jifunzeni mambo mawili. Weka maneno kati ya alama za kunukuu, utapata maneno hayo kwa mpangilio huohuo. Andika site:go.ug baada ya swali, utapata kurasa za serikali ya Uganda peke yake. Tulijaribu kwa neno muhogo kwa Kiingereza, kwanza bila site:go.ug, kisha nayo. Mara ya kwanza zilijaa kurasa za mapishi. Mara ya pili tukapata nyaraka za kilimo ambazo mwanafunzi anaweza kuzitaja kwenye kazi yake.

Hatua ya 5: Maarifa bila bando

Tangu Julai 2021 bando la intaneti hutozwa kodi ya asilimia 12, na kwenye maktaba ndogo kila megabaiti ina hesabu yake. Programu ya bure iitwayo Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili mara moja, kisha kuisoma bila mtandao. Faili unaweza kulihamisha kwa memori kadi. Sisi tunalo kwenye kompyuta na kwenye simu mbili.

Hatua ya 6: Tabia za mtandaoni

Kikundi cha WhatsApp humwonyesha kila mwanachama namba za wenzake wote. Kwenye maktaba ile ya zamani niliyoitaja, binti wa S.3 aliuliza kitabu kwenye kikundi, na usiku akaanza kupigiwa na mtu mzima asiyemjua. Aliacha kuja kusoma. Sijasahau, maana kikundi nilikiunda mimi.

Sasa tunatumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list): ujumbe unamfikia kila mmoja peke yake, na hakuna anayeona namba ya mwenzake. Sharti ni kwamba msomaji awe amehifadhi namba ya maktaba kwenye simu yake, vinginevyo ujumbe haumfikii, kwa hiyo mwambieni afanye hivyo palepale dawatini anapojiandikisha. Na msipige picha ya daftari la kuazimisha kuirusha popote. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inatuhusu na sisi, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa zake.

Tena, msiweke matangazo yote mahali pamoja. Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, waliokuwa na ukurasa huo tu walipotezana na wasomaji wao kwa siku moja. Ubao wa matangazo ulio mlangoni uendelee kubandikwa.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Busia: Kaka, sisi hatuna kompyuta, tuna simu moja ya mkuu. Tufanyeje?*

Anzeni na hatua ya 2 na ya 4, zote zinawezekana kwa simu. Jedwali pia linaandikika kwenye simu, ila macho yatachoka, kwa hiyo vitabu vitano kwa siku vinatosha.

*Kutoka Fort Portal: Ni lini tuhamie Koha?*

Mkiwa na orodha safi na mtu wa kuitunza mashine. Koha ni programu ya bure ya kuendeshea maktaba, ilitengenezwa New Zealand kwa maktaba za Horowhenua mwaka 1999, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Lakini umeme ukikatika, nakala za akiba zikasahaulika na fundi yuko Kampala, mtarudi kwenye daftari mkiwa na hasira. Jedwali lenu halitapotea bure: programu ya MarcEdit huligeuza kuwa rekodi za MARC, muundo wa rekodi za vitabu unaotumiwa na maktaba, na Koha huzipokea. Binafsi ningekaa na jedwali mwaka mzima kwanza.

*Kutoka Bwera: Dada zetu waliotoka Kongo wanaomba hadithi za Kiswahili za watoto. Hatuna hata moja rafuni.*

Ingieni African Storybook. Kuna hadithi za picha kwa Kiswahili, Luganda, Lugbarati na lugha nyingine nyingi, na leseni yake inaruhusu kuchapisha. Tulichapa tano, tukazishona kwa uzi na kuziwekea jalada la katoni. Kingo zimeshachakaa, na hiyo imenifurahisha sana.

*Kutoka Masaka: Mkuu wangu anasema asubuhi tunacheza na simu.*

Mpeni daftari la hatua ya 1 asome mwenyewe. Kisha mwombeni aje asubuhi moja, na yeye pia aingize vitabu kumi.

*Kutoka Bombo: Nina miaka 61, nastaafu karibuni. Naogopa nitafuta kazi ya wenzangu yote.*

Shikamoo mzee wangu. Mwambie kijana mmoja hapo akutengenezee nakala ya faili, aipe jina lenye tarehe ya leo. Kesho, kabla ya mlango kufunguliwa, fungua nakala hiyo, chagua safu nzima ya majina ya vitabu, uifute kwa makusudi. Itazame jinsi ilivyo tupu. Kisha bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja. Majina yatarudi yote. Futa tena, rudisha tena, hadi mkono utulie.