Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kikao cha Uponyaji wa Nishati kwa Mbali

Mkazi wa Arusha au Moshi mwenye simu na bando anaweza leo kulala kitandani kwake, Njiro au Pasua, huku mtu aliyeko Uingereza, India au Marekani akisema kwamba anamtumia nishati ya kumponya. Mara nyingi anayepanga kikao cha namna hiyo si mgonjwa mwenyewe bali ni mwanawe anayeishi ughaibuni, ambaye amehangaikia maumivu ya mama kwa muda mrefu, hana nafasi ya kurudi nyumbani kabla ya Desemba, na ameona hapo njia ya kusaidia akiwa huko huko aliko. Ninaandika kwa ajili ya mama huyo na kwa ajili ya mwanawe. Nia yao ni njema, lakini kikao kilichoandaliwa ovyo kinaweza kuwagharimu afya, fedha na amani ya familia, ilhali kilichoandaliwa kwa uangalifu kinaweza kumpatia mtu mapumziko ya kweli.

Jambo la kwanza ni kufahamu kinachofanyika. Aina inayojulikana zaidi ni Reiki, mbinu ya kuponya kwa kuweka mikono, ambayo Mjapani Mikao Usui alianza kuifundisha Tokyo mwaka 1922, na ambayo Hawayo Takata aliifikisha Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1930, ikaenea kutoka huko hadi Marekani na Ulaya. Katika daraja la pili la mafunzo hayo mwanafunzi hupewa alama maalumu zinazosemwa kwamba huvuka umbali, na hapo ndipo kikao cha mbali kilipoanzia. Kwa kawaida mponyaji huomba jina, picha na maelezo ya tatizo, mnakubaliana saa, nawe unalala au kukaa kwa utulivu kwa muda wa kati ya dakika 20 na saa moja. Wengine huwa kwenye simu wakikuongoza kupumua taratibu, wengine hukata simu na kufanya kazi yao kimya, kisha hukupigia au kukuandikia kueleza walichohisi.

Watu wengi huhisi joto mikononi, mwili kuwa mzito, ganzi nyepesi, usingizi, na pengine machozi yasiyo na sababu wanayoijua. Hisia hizo ni za kweli na hakuna haja ya kuzionea aibu. Zipo pia kwa mtu yeyote aliyelala chali mahali pa kimya, akapumua polepole na kuelekeza mawazo yake mwilini kwa nusu saa. Usiposikia chochote, hilo nalo ni la kawaida, na mponyaji asikuambie kwamba kasoro ni ya imani yako.

Kuhusu namna inavyofanya kazi, ni lazima kusema wazi kwamba nishati inayotajwa haijawahi kupimwa kwa chombo chochote. Ni kweli kwamba mwili una umeme; ndiyo maana hospitali za KCMC au Mount Meru zinaweza kukubandika nyaya kifuani na kuchora mapigo ya moyo. Lakini uga wa sumaku unaotokana na moyo ni dhaifu kiasi kwamba kuupima kunahitaji kifaa maalumu kilichosogezwa karibu kabisa na kifua, kwa hiyo hauwezi kutoka London ukamfikia mtu aliyelala Moshi. Wengine hutaja fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo sana, na chembe zinazoendelea kuhusiana hata zikiwa mbali moja na nyingine. Chembe hizo zipo, ila fizikia hiyo hiyo inasema haziwezi kutumika kupeleka ujumbe, sembuse tiba. Mwaka 1998 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la msichana Emily Rosa, ambaye aliwaomba waponyaji 21 waliodai kuhisi nishati ya mwili kwa mikono wapitishe mikono yao chini ya kizuizi na kusema ni mkono upi kati ya miwili aliousogelea kwa mkono wake. Walipatia mara 123 kati ya 280, yaani asilimia 44, chini ya nusu ambayo mtu angeipata kwa kubahatisha. Ikiwa nishati ya mkono ulio sentimeta chache haikuhisiwa, madai ya nishati inayovuka bahari yanahitaji ushahidi mzito zaidi.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba mtu anayejisikia nafuu amedanganyika. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 80 wa tumbo linalosumbua kwa muda mrefu: baadhi walipewa vidonge visivyo na dawa, wakaambiwa waziwazi kuwa havina dawa, na bado asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, ikilinganishwa na asilimia 35 ya wale ambao hawakupewa kidonge. Kupumzika, kusikilizwa na mtu asiye na haraka, na kutarajia mema hupunguza makali ya maumivu, hofu na kukosa usingizi. Havishushi sukari ya damu ya mgonjwa wa kisukari kiasi cha kuchukua nafasi ya dawa, haviui vimelea vya kifua kikuu, wala haviyeyushi uvimbe. Mpaka huo ndio ninaokuomba uushike kuliko kitu kingine chochote katika maelezo haya: kikao kinaweza kuhudumia namna unavyojisikia, ila ugonjwa wenyewe unabaki mikononi mwa wanaoupima na kuutibu.

Kwa sababu hiyo, usipange kikao kabla hujajua unaumwa nini. Mwenye maumivu ya kichwa ya mara kwa mara apime presha kwanza. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, kipimo ambacho vituo vya serikali havitozi fedha. Mwenye kiu isiyoisha na kukojoa kila mara apime sukari. Ukishajua, andika dawa zako zote na saa zake, na uzinywe siku ya kikao kama siku nyingine. Mkoa wa Arusha una kumbukumbu ya mwaka 2011, wakati maelfu kwa maelfu ya watu walipofuata kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Wapo waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ambao waliziacha baada ya kunywa, na wengine waliondolewa hospitalini wakiwa mahututi ili wawahi foleni. Sisemi kwamba waliokwenda walikuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kuumwa, na uchovu huo naujua kwa watu ninaowapenda. Lakini mponyaji yeyote, wa karibu au wa mbali, akikuambia upunguze au uache vidonge ili nishati ipite vizuri, kata simu.

Lipo neno moja la waponyaji ambalo nalihofia hasa, nalo ni dai kwamba hali ikizidi kuwa mbaya baada ya kikao ni dalili kwamba sumu inatoka. Homa ikipanda usiku baada ya kikao, inaweza kuwa malaria, taifodi au maambukizi ya mkojo, na kila saa ya kusubiri sumu itoke ni saa iliyopotea. Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea, kifua kikibana, pumzi ikipungua, mgonjwa wa sukari akitoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, au kidonda cha mguu kikibadilika rangi, anatakiwa hospitalini wakati huo huo. Kabla ya kikao, familia ikubaliane nani ataita gari na mgonjwa atapelekwa wapi, hasa kama anakaa Machame au Marangu juu, ambako barabara ya usiku wa mvua si ya kupata usafiri kirahisi.

Suala la ridhaa hupitwa haraka, na mimi sidhani lapaswa kupitwa. Mwana aliyelipia kikao bila kumwuliza mama amemweka pagumu: akikataa ataonekana hana shukrani, akikubali huenda moyo wake unamsuta. Wazee wengi wa Kilimanjaro na Meru ni watu wa kanisa au msikiti tangu utoto, na kwa baadhi yao alama za siri na nguvu zisizotajwa jina ni jambo wasiloweza kulipokea. Mweleze mzazi kwa lugha yake, pengine kwa Kichaga au Kimeru, nini kitafanyika na nani anakifanya, mwache azungumze na mchungaji, padri au shehe wake akitaka, kisha pokea jibu lake. Kutuma nishati kwa mtu asiyejua kunaonekana hakuna madhara, lakini jibu la mponyaji litarudi kwa familia na kuzungumzwa, na mgonjwa atakuwa amejadiliwa kama mtoto. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 na Herbert Benson na wenzake uliangalia wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani, ambao baadhi yao waliombewa na watu wasiowajua. Miongoni mwa wasiojua kama wanaombewa, matatizo baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 52 kwa walioombewa na 51 kwa wasioombewa; waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walifikia asilimia 59. Utafiti huo haukumpima Mungu, wala sijautaja ili kumvunja moyo anayeombea wenzake. Ninachoona ndani yake ni kwamba kumwambia mgonjwa kuwa jambo fulani linafanywa juu yake si kitu kidogo, na kunaweza hata kumtia hofu.

Saa za kikao huleta mkanganyiko kuliko watu wanavyodhani. Mponyaji wa London akisema saa 3 mchana kwa hesabu yake, kwetu ni saa 12 jioni wakati wa baridi ya Ulaya, na ni saa 11 jioni wanapokuwa wamesogeza saa zao majira ya joto. Aliyeko India akisema saa 6 jioni kwa hesabu yake, kwetu ni saa 9 na nusu alasiri. Mzee akiambiwa tu “saa tatu” atajilaza baada ya chai ya asubuhi, kikao kitapita bila yeye, na atajiona amekosa baraka. Mtumie ujumbe wenye saa ya Kiswahili na siku, kisha mpigie asubuhi yake kuhakikisha.

Siku yenyewe, chagua chumba ambacho watoto hawapiti na mwombe dada wa nyumbani au jirani awe karibu bila kuingia. Chaji simu mapema kwa sababu umeme hukatika, na andaa blanketi, maana Juni na Julai baridi ya Arusha humpata upesi aliyelala bila kujifunika. Wapo waponyaji wanaoagiza kufunga kula kabla ya kikao. Mgonjwa wa sukari, mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo wasifunge. Usikae kwenye kikao ukiwa unaendesha gari au bodaboda, na baadaye jipe muda wa kuamka vizuri kabla ya kusimama, hasa ukiwa unatumia dawa za presha zinazoweza kuleta kizunguzungu. Mtu mwenye msongo mkubwa wa mawazo, anayesikia sauti au aliyewahi kufikiria kujidhuru asiachwe peke yake na kikao cha namna hii. Daktari wake ajue kwanza.

Taarifa unazotoa ni zako. Jina la kwanza na maelezo mafupi ya maumivu yanatosha. Namba ya kitambulisho cha NIDA, picha ya mwili usiovaa nguo, majibu kamili ya vipimo na namba ya siri ya akaunti ya simu havihitajiki kwa lolote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kumfuatilia mtu aliye nje ya nchi ni kazi ngumu. Hali kadhalika, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002, husajili watoa huduma wa hapa nchini; mtu wa hapa anayekutoza fedha mwulize usajili wake, na wa nje ujue kwamba hana mtu hapa wa kumwajibisha.

Bei ijulikane yote kabla, na ilipwe kwa kikao kimoja. Hatari huanza pale kikao cha kwanza kinapomalizika kwa kuambiwa kwamba umefungwa, kwamba kuna kizuizi kizito, na kwamba kukiondoa kunahitaji malipo mengine. Namba inayokutumia ujumbe wa kukutapeli unaweza kuiripoti kwa kutuma kwenda 15040. Na iwapo mponyaji atamtaja jirani, mke mwenza au bibi wa ukoo kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa, neno hilo lisitoke chumbani. Katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa maneno ya namna hiyo.

Usiku wa kabla ya kikao andika kwenye daftari maumivu yako kwa alama kutoka 0 hadi 10, saa ulizolala, na presha au sukari kama una kipimo nyumbani. Endelea kuandika kila siku kwa wiki mbili baadaye, kwa kuwa maumivu mengi hupanda na kushuka yenyewe, na watu hutafuta msaada siku ambayo yamefika juu kabisa. Kama ni usingizi uliopatikana na pumzi iliyotulia, mwanao anaweza kukupa sehemu kubwa ya hayo kwa kukupigia saa ile ile kila wiki na kukaa nawe kwenye simu bila haraka, na fedha ya kikao kinachofuata ikaingia kwenye nauli ya kliniki. Daftari hilo nenda nalo tarehe ya kliniki ikifika, na umwambie daktari ulichofanya.