Tatuu yako mwenyewe: anza na kitu kinachoshikika

Anayetaka tatuu yenye maana mara nyingi hukimbilia alama zilizokwisha zoeleka: nanga, mbawa, moyo. Ziache kwanza. Chukua karatasi uorodheshe vitu halisi vya maisha yako: ufunguo, jani la mti uliokuwa uani, mwandiko wa mtu kwenye barua. Baba yangu alikuwa mwashi, kwa hiyo orodha yangu ilijaa mwiko, pimamaji na timazi, ile ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Nilichagua timazi. Hakuna kifaa alichokitunza kuliko hicho, halafu umbo lake ni jepesi: uzi mmoja na chuma chenye ncha.

Sasa chora, uchore tena, na kila ukirudia punguza kitu. Hapo ndipo kazi ilipo, maana ngozi haina subira ya karatasi. Wino hukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, na kadiri miaka inavyopita mistari hunenepa. Herufi ndogo za “e” na “a” huzibika matundu yakawa madoa. Chapisha mchoro kwa ukubwa wake halisi, ubandike ukutani, urudi nyuma hatua chache. Kisichoonekana, kikuze au kifute. Kwenye timazi yangu nyuzi zilizosokotana ziliondoka zote, ukabaki mstari.

Kama ngozi yako ni nyeusi, kumbuka kwamba wino unaonekana kupitia tabaka lenye rangi yako. Njano na waridi hafifu humezwa. Mistari myeusi iliyokolea, yenye nafasi kati yake, hupendeza sana. Mchoraji akikuambia ngozi nyeusi haichoreki vizuri, tafuta mwingine.

Mahali nako kunabadilisha mchoro. Chora duara kwa kalamu kwenye kigasha, kisha geuza kiganja: limekuwa yai. Ndiyo maana timazi yangu iko upande wa ndani wa kigasha, ncha ikielekea kiganjani, ili mkono ukining'inia nayo isimame wima. Vidole na nyayo sivipendekezi, wino huko hufifia upesi.

Maneno ya lugha usiyoisoma yakaguliwe na anayeisoma. Tarehe na majina pia, hata ya mwanao.

Kama vidonda vyako huacha makovu yaliyovimba, muone daktari wa ngozi kabla ya yote. Kwa mchoraji nenda na mchoro wako pamoja na picha ya kitu chenyewe, umwache auchore upya kwa mkono wake. Yeye ndiye anayejua sindano. Kwanza atabandika nakala yake kwenye ngozi. Simama mbele ya kioo, legeza mabega, utazame bila haraka. Ukiona imepinda, mwambie aifute aibandike tena, hata akinuna.