Kuhifadhi chai ya kijani pwani bila kupotea harufu

Majani ya chai nyeusi ni mavumilivu. Yameshageuzwa rangi kiwandani, kwa hiyo hata ukiyasahau kabatini miezi na miezi utapata kikombe cha kunyweka. Ya kijani hayana subira hiyo. Yakishachumwa hupigwa mvuke, kama wafanyavyo Wajapani, au hukaangwa kwenye karai, kama wafanyavyo Wachina, ili yasigeuke. Ule ubichi uliobaki ndani ndio unaoulipia, na joto, mwanga, hewa, unyevu na harufu za jirani vyote huula. Kwa sisi tunaopakia na kuuza chai Mombasa, unyevu ndio unaotusumbua zaidi, nao huingia kila kopo linapofunguliwa. Karibu hatua zote hapa chini zinalenga kupunguza huko kufungua.

1. Nunua kidogo

Gramu 50 hutoa vikombe 20 hadi 25, na mnywaji mmoja hana haja ya zaidi ya hapo kwa mara moja. Chagua pakti ya foili iliyofungwa kiwandani. Chai iliyowekwa kwenye chupa ya kioo mbele ya duka inapendeza macho tu. Iache hata kama ni ya bei ya kutupa. Ukiuziwa ya kupima, bana jani moja kwa vidole. Likiwa kavu kau litavunjika, tak. Likipinda, limeshavuta unyevu.

2. Gawa siku hiyohiyo

Kama umenunua nyingi, kwa mfano umeletewa nusu kilo kutoka Kericho au Nandi, usiiache ndani ya mfuko mmoja. Tenga ya kunywa wiki tatu au nne, iliyobaki itie kwenye mifuko midogo ya foili yenye zipu. Fanya kazi hii chumba kikiwa kikavu, hakuna sufuria inayotokota wala mvua nje. Msimu wa masika mimi hugawia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kamua hewa kwa kiganja polepole bila kuponda majani, funga, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

3. Tafuta kopo lisilo na historia

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kopo la kahawa, la maziwa ya unga au la bizari, hata ulioshe mara ngapi, linabaki na harufu yake, na majani ya chai hufyonza harufu upesi kuliko unavyodhani. Wachina huitumia tabia hiyohiyo kutengeneza chai ya asmini: majani hulazwa pamoja na maua mpaka yanukie.

Ukitaka kulijaribu kopo, tia kijiko cha chai ya kawaida, lifunike, liache siku mbili, kisha fungua na unuse. Ukisikia chochote zaidi ya chai, lirudishe jikoni. Angalia pia kutu kwenye ukingo wa kifuniko, maana hewa ya chumvi hula bati. Kopo liwe lisilopitisha mwanga, lenye kifuniko cha ndani na cha nje, na ukubwa wake ulingane na chai yenyewe. Kopo kubwa lenye chai kidogo limejaa hewa.

4. Mahali pa kuliweka

Kabati la chini, mbali na jiko na dirisha. Lisiwe lile lenye iliki, karafuu na mdalasini, wala lenye sabuni.

5. Friji, kwa sharti moja

Baridi husaidia sana kwa mifuko ambayo haijafunguliwa. Iweke ndani ya chombo kingine chenye kifuniko, isije ikanuka samaki. Sharti ni hili: ukiutoa mfuko, usiufungue. Uache mezani mpaka upoteze baridi yote, hata kama ni kuanzia usiku hadi asubuhi. Ukiufungua bado wa baridi, hewa ya nje itatoa jasho juu ya majani kama inavyofanya kwenye chupa ya soda, na chai iliyolowa haikawii kuvunda. Ukishafunguliwa, mfuko huo haurudi friji; uhamishie kwenye kopo.

Matcha, chai ya kijani ya Kijapani iliyosagwa, ina masharti makali zaidi, kwa kuwa ni unga na hewa huifikia kila upande. Nunua kopo dogo kabisa, ulimalize ndani ya mwezi tangu kulifungua.

6. Wakati wa kupika

Pima majani kwanza, funika kopo, ndipo uende kwenye birika. Kumwagia chai moja kwa moja kutoka kopo juu ya mvuke ni kuyalowesha yote yaliyobaki. Kijiko kiwe kikavu.

7. Ikishachoka

Ukiona majani yamekuwa kahawia na maji yana ladha ya karatasi, chai haina sumu, imechakaa tu. Ikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka ibadilike rangi na kunukia kama kitu kilichookwa. Wajapani huiita *hojicha*, na mimi huipenda usiku kwa sababu haina ukali. Lakini ukiona ukungu au ukisikia uvundo, usijaribu kuiokoa kwa kukaanga. Mwaga, na kopo nalo ulioshe na kulianika juani kabla ya kutia chai nyingine.